Kopo la Mama Mkubwa

3 Februari

Mwanangu Kijiko,

Pokea salamu za mzee wako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi huanza kulalamika kabla sijasimama. Fundi Viatu wa mlango wa pili anakusalimu. Bado anaimba ule wimbo mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na bado hajui mwisho wake. Shangazi yako alipita mwezi uliopita, akakaa siku mbili, akanipangia vyombo vya jikoni upya. Tangu hapo nakorogea chai uma.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe husema "salama, salama," kisha kila mmoja anangoja mwenzake akate. Barua humlazimu mtu kukaa kitako.

Jambo lenyewe ni maua ya Mama Mkubwa wako, wale aliowaita wageni. Nilijaribu mara nyingi kumfundisha jina lao la kitaalamu akaniambia, "Jina la darasani liache darasani, Mwalimu." Siku tuliyomzika, Julai iliyopita, kibarazani palikuwa na vyungu kumi na kimoja. Leo vimebaki vitano. Majani yanaanza kuwa ya njano kwa chini, kisha shina linakuwa jeusi pale linapogusana na udongo, na ukilibonyeza ni laini kama ndizi iliyooza. Kama unavyojua, hawa hawana mbegu kwetu. Aliwaendeleza kwa kukata vipande na kuvipandikiza, kipande kwa kipande, kutoka kwenye tawi moja alilopewa kabla wewe hujaja kuishi nasi. Akifa wa mwisho, ndio mwisho wao.

Sijawatupa. Kila asubuhi namwagilia kama alivyomwagilia yeye, kopo moja kwa kila chungu, kopo lilelile lake la maziwa ya unga lenye mkono wa waya. Na nyumba naitunza. Nimerekebisha bawaba ya mlango wa nyuma, mguu wa meza, hata hilo kopo, ambalo lilikuwa likivuja miaka yote na kuloweka sakafu. Fundi bati ameliziba vizuri.

Nina maombi mawili. La kwanza, wewe ndiye uliyekuwa ukishinda naye kwenye vyungu wakati mimi nasahihisha madaftari. Fikiria, kuna kitu alikuwa akifanya ambacho sikukiona? La pili, nitumie kipande cha ule wako, aliokupelekea kwa dereva wa basi mwaka jana. Alituambia sote jinsi ulivyochanua dirishani kwako. Kama hawa wangu wataniaga, angalau nianze tena na mtoto wao.

Sikuandikii kwa sababu nyingine yoyote.

Baba Mkubwa wako


11 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mimi sijambo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa posta, kisha ikakaa kwenye mkoba wangu. Pole na goti. Mwambie Fundi Viatu kwamba nimeusikia ule wimbo kwenye redio na mwisho wake nao si mzuri, hajakosa kitu.

Kazi ni ileile, chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka mia nne kwa siku, mvuke mpaka nywele zinanilalia. Mwenzangu wa kukunja ni Mama Pacha. Shuka inataka watu wawili, mmoja huku mmoja kule, mnakutana katikati kama mnaocheza ngoma. Ananiambia, "Wewe dada, unakunja vizuri lakini huongei, mtu anadhani anakunja na ukuta." Akiumwa mmoja wa wale pacha haji, basi nakunja peke yangu, nashika ncha moja kwa kidevu. Nikifika chumbani, shuka yangu mwenyewe pia naikunja kwa kidevu. Nimezoea.

Kuhusu maua, sikumbuki Mama Mkubwa akifanya kitu cha ajabu. Labda udongo umechoka. Jaribu kuuchanganya na mchanga.

La kwangu tuliache kwa sasa. Huku kuna baridi, si wakati mzuri wa kulikata.

Kula vizuri.

Kijiko


2 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mwambie Mama Pacha kwamba ukuta huo uliwahi kuongea bila kupumua tangu geti la shule mpaka mlango wa jikoni kwetu.

Nimefuata shauri lako, lakini kwa utaratibu. Mtu akibadilisha mambo mawili kwa pamoja hawezi kujua lipi limemsaidia. Kwa hiyo nilibadilisha udongo tu, maji nikayaacha kama yalivyo, kopo moja kila asubuhi.

Kwanza niliupima ule udongo wake. Utakumbuka nilivyokuwa nikifanya na wanafunzi. Unatia udongo kwenye chupa ya kioo, unajaza maji, unatikisa na kuiacha itulie. Mchanga, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na nzito, unakaa chini mara moja. Tope laini linafuata. Udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno, unaelea mpaka kesho yake. Wa Mama Mkubwa ulikuwa na vidole vitatu vya mchanga, kimoja cha tope, nusu kidole cha mfinyanzi, na juu yake majani yaliyooza yakielea. Kijiko, ningetakiwa kuupa alama, ningeupa zote. Mwanamke yule hakuwahi kufungua kitabu changu hata kimoja.

Basi vyungu viwili nikaviacha na udongo wake. Cha tatu nikatia mfinyanzi mtupu wa uwani, cha nne nusu kwa nusu, cha tano karibu mchanga wote. Yule wa mfinyanzi alikufa siku ya kumi na moja. Hilo nililitegemea. Chembe za mfinyanzi zinabanana, maji yanakaa, hewa haina pa kupita. Watu wengi hawajui kwamba mizizi nayo inapumua, kwa hiyo mmea unaweza kufa maji huku umesimama wima mbele yako. Wa nusu kwa nusu amelegea. Wa mchanga ndiye anayejikaza, japo amepauka, maana mchanga hauzuii maji wala chakula. Ninachoshindwa kuelewa ni wale wawili kwenye udongo wake mwenyewe. Udongo mzuri, kopo lilelile, na wote wawili wamekuwa weusi kwa chini.

Juzi Fundi Viatu alisimama pale akaniuliza, "Mwalimu, hayo maua unayanywesha au unayaogesha?" Nilimweleza kwamba kipimo hakijabadilika kwa miaka ishirini. Akasema, "Haya, mimi ni wa viatu tu," akaondoka na wimbo wake.

Naona nimeandika ukurasa mzima kuhusu udongo. Nyumba hii haina mtu wa kunikatiza. Mama Mkubwa alikuwa akisema, "Mwalimu, kengele imelia," nami nanyamaza. Siku hizi naongea mpaka najichosha.

Naomba tena kile kipande. Kifunge kwa kitambaa kibichi, dereva atakileta, nitampokea stendi mwenyewe. Huko kwenu baridi itakuwa imepungua.

Kuna jambo sikutaka kuliandika, nalo limekaa kwenye kalamu tangu Februari. Siku ya mazishi niliweka kiti kimoja kando yangu. Watu walisimama juani, wengine wazee, nami nikawa nawaambia kina mwenyewe. Sikuulizi. Nakuarifu tu kwamba kiti kilikuwepo.

Baba Mkubwa wako


14 Mei

Kijiko,

Wiki sita sasa bila neno kutoka kwako. Shangazi yako ananiambia u mzima, amekusikia kwenye simu. Nashukuru.

Kimebaki chungu kimoja, kile cha mchanga. Majani manne. Leo asubuhi la chini limeanza njano.

Usijilazimishe kuandika mengi. Ila kama kuna kipande, ni sasa.

Baba Mkubwa wako


27 Mei

Shikamoo Baba Mkubwa,

Leo sina habari za kazini. Nikianza na habari nitajificha humo tena.

Hakuna kipande. Hakijawahi kuwepo.

Mama Mkubwa alinitumia tawi, kweli, mwezi wa tatu mwaka jana, limefungwa kwa leso yake. Ndani alitia karatasi: "Likishika mizizi njoo unieleze mwenyewe." Nililipanda kwenye bati la biskuti, dirishani. Wiki ya pili Mama Pacha alilaza mtoto wodini, nikashika zamu yake na yangu. Nilikuwa naingia chumbani naanguka na viatu. Siku tisa sikulitia hata tone. Nilipolikumbuka lilikuwa jiti, nililigusa likavunjika.

Jumapili akapiga simu. "Mgeni wangu hajambo?" Nikasema hajambo. Nilitaka kupata jingine kimya kimya kabla hajajua. Jumapili iliyofuata akauliza majani mangapi, nikasema sita. Wewe unajua alivyokuwa akifurahi, hata pumzi unaisikia kwenye simu. Ikawa kila Jumapili naongeza. Nikasema lina matumba. Nikasema limechanua. Akawa ananiuliza, "Wekundu wake ni uleule?" nami nimekaa natazama bati tupu namwambia, uleule.

Halafu ukanipigia wewe. Unakumbuka ulichosema? Baada ya kuniambia amefariki, ulisema, "Njoo na lile ua lako, tumwekee." Nilikata tiketi. Nilipanda basi. Baba Mkubwa, nilishuka stendi ya kwenu, nikakaa kwenye benchi karibu na choo cha kulipia tangu saa mbili mpaka saa saba, sina ua, sina la kusema. Nilinunua maua ya karatasi kwa mama mmoja pale, nikayatazama, nikamrudishia. Saa saba na nusu nikapanda basi la kurudi.

Kwa hiyo kile kiti mimi ndiye niliyekiacha kitupu, nikiwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kilipo.

Sasa jambo la pili, na hili nimelijua tangu barua yako ya kwanza. Sikulisema kwa sababu nikianza kuongea habari za maua ungeuliza ya kwangu.

Kopo halikuwa likivuja.

Nilipokuja kwenu nilikuwa na miaka saba, sina mama, sijui kukaa na watu. Maua ndiyo niliyaweza. Nilianza kwa kijiko, ndipo mkaniita hivyo. Kisha nikaona kijiko ni uchoyo, nikawa nayajaza kopo zima, mara nyingine mawili, kwa kuyapenda. Yakafa vyungu viwili. Nilijificha nyuma ya pipa nikingoja kupigwa. Mama Mkubwa hakunigusa. Alikaa kwenye ngazi ya bombani, akachukua msumari na jiwe, akalitoboa kopo ubavuni, katikati kabisa. Akanipa. "Sasa jaza mpaka juu, mwanangu, jaza unavyotaka. Bati litajua la kufanya." Nilijaza mpaka juu. Nilipofika kibarazani limebaki nusu, nami sikujua. Niliona nimewapa kopo lote.

Nilipokua nikalielewa. Nikamwambia tukueleze. Akasema, "Tukimwambia Mwalimu atatufanyia somo, na chai itapoa."

Hakuwahi kulibadilisha, hata nilipoondoka. Kopo zima la kwako ni mara mbili ya la kwake. Lifungue tundu. Kama hilo moja bado lipo, lipe nusu, tena ungoje udongo ukauke kidole kimoja kwanza.

Ukitaka usinijibu, nitaelewa.

Kijiko


8 Julai

Mwanangu Kijiko,

Salamu zako zimefika. Goti limetulia, Fundi Viatu mzima, vijiko nimevipata, vilikuwa nyuma ya sufuria kubwa.

Nilichelewa kujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nilijaribu kukukasirikia. Nilijipa siku kadhaa za kufanya hivyo, nikawa naamka asubuhi nakumbuka kwamba leo nimekasirika. Uliyomwambia si kweli, na mimi nilikuwa mwalimu, siwezi kukupa alama kwa hilo. Lakini alipokuwa hawezi tena kwenda kibarazani, alikuwa akinisimulia dirisha lako kana kwamba amelala chini yake. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Nimelibeba huku na huku, nikaona niliache hapa kwenye karatasi, wewe na mimi tulitazame wote.

Na mimi lipo ambalo sikuliandika kwenye daftari. Nilikueleza kopo moja kila asubuhi. Ilikuwa pia mchana, siku nyingi. Hakukuwa na kazi nyingine. Nikishamaliza kumwagilia saa moja na robo, siku ilikuwa imekwisha na bado iko nzima mbele yangu. Basi mchana narudi, nawaongezea kidogo, nasema nao. Nilishika maji kama kitu nisichokitilia shaka, nikabadilisha udongo, nikatafuta kosa kila mahali isipokuwa mkononi mwangu. Ningemkuta mwanafunzi amefanya hivyo ningemrudisha aanze upya.

Sababu ya pili ni kwamba nilitaka nijibu nikiwa na matokeo.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa fundi bati siku hiyohiyo. Nikamwambia azibue alipoziba. Akalishika kopo, akanitazama. "Mwalimu, si nilikwambia siku ile kwamba hili tundu ni la msumari? Ukasema ni kutu. Ukanieleza kutu inatokana na nini, mteja wangu mwingine akachoka akaondoka." Nikamwambia ni kweli, nilikosea. Akasema, "Ngoja niwaite majirani wasikie." Kisha akatoa msumari akanipa mimi. Nadhani aliona usoni. Nilipiga mwenyewe, palepale.

Nilijaza mpaka juu. Nikatoka bombani, nikapita ukumbini, nikafika kibarazani nikapima kwa rula. Halikuwa nusu, lilikuwa karibu robo tatu. Nikarudia mara tatu, robo tatu. Nikafikiri umesahau, au nimetoboa juu mno. Nikapima tundu, liko katikati. Ndipo nikaelewa. Tundu ni dogo, linahitaji muda, na mimi natembea kama mtu aliyesikia kengele. Yeye hakutembea hivyo. Nyonga yake ilimuuma, na alikuwa na vituo vyake. Alisimama mlango wa jikoni kuniuliza kama nataka chai. Alisimama tena pale dirisha la ukumbini kutazama nani anapita njiani. Na maji yote hayo yakishuka sakafuni, nami nikiinua miguu juu ya kiti changu na kusema, kila asubuhi, kwa miaka ishirini, "Kopo lako linavuja, nitalipeleka kwa fundi." Naye akijibu, "Liache, nimelizoea."

Sasa natembea hivyo. Hatua thelathini na moja. Mlango wa jikoni nasimama kwa muda wa swali moja na jibu lake. Dirishani nasimama mpaka apite mtu. Nikifika kibarazani ni nusu kamili, huhitaji rula.

Na simwagilii kila siku tena. Natia kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka kiungo cha kwanza ndipo naleta kopo. Zile siku ninazotakiwa kungoja ndizo ngumu. Nakaa tu na chungu, sote wawili hatufanyi kitu.

Jani lile la njano lilianguka. La pili nalo likafuata, nikaona basi. Lakini shina halikuwa jeusi. Wiki ya tatu pakatokea jicho la kijani, dogo kama kichwa cha kiberiti, kisha la pili. Nimeupunguza mchanga, nimerudishia udongo wake na majani yaliyooza. Leo kuna majani tisa, na juu ya ubua mmoja kuna tumba. Limefumba bado. Nimechungulia kwa miwani, kwenye ncha linaonyesha wekundu, na siwezi kukwambia kama ni uleule. Hilo sitalisema kabla halijafunguka.

Nilikata kipande kimoja, kwa wembe safi, chini kidogo ya kifundo. Kiko kwenye kopo la mchanga, siku ya kumi na tisa. Jana nilikivuta kidogo sana nacho kikakataa kutoka, maana yake kimeshika mizizi.

Sitampa dereva. Njia hiyo tumeshaijaribu. Kutoka stendi ni dakika kumi na tano, kama ulivyoandika, na mimi huwa nipo. Kile kiti hakijaondoka mahali pake tangu siku ile. Shangazi yako alijaribu kukirudisha mezani, nikakifuata.

Ukifika pitia mlango wa nyuma. Kopo liko kwenye msumari wake, juu ya bomba. Lijaze mpaka juu. Sakafu usiijali, siku hizi siipangusi.

Baba Mkubwa wako